Mizinga ya Inchi Moja na Nusu

Mume wangu ni fundi bomba, na fundi bomba ana ugonjwa mmoja: akiona tundu, mkono unamwasha. Haulizi limetobolewa na nani wala lina kazi gani. Analiziba. Nimeishi naye miaka thelathini na mbili, ameziba tundu la panya, ameziba tundu la ufunguo la kabati letu, ameziba hata tundu la kutolea hewa chooni, tukakaa wiki nzima tunaulizana harufu inatoka wapi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kosa alilolifanya kwenye ile ndege lilikuwa kosa lake yeye tu, niaminini. Rubani asingelifanya. Mwanajeshi asingelifanya. Lilihitaji fundi bomba.

Ndege yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho, kwenye banda la bati la uani lenye milango miwili mikubwa ya kusukuma. Ni ya wakati wa vita vikuu vya pili, ina injini mbili na tumbo refu, na rangi ya kijivu iliyochujuka kama sare ya shule iliyofuliwa mara mia. Mume wangu aliajiriwa pale kutengeneza vyoo na matangi. Siku ya kwanza kabisa akaambiwa aende bandani kuangalia paa linavuja wapi. Akaangalia paa, akashusha macho, akaiona ndege, na mimi nikawa nimeshampoteza. Tangu siku hiyo, akimaliza vyoo vyake anakwenda kuifuta vumbi, kuipaka grisi na kuyajaza upepo matairi ya kitu kisichokwenda popote. Nilikuwa naiita mke mwenzangu. Akirudi jioni namuuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Naye, mtu asiye na haya, ananijibu, "Hajambo, anakusalimu."

Mimi nashona mashuka ya hospitali. Kutwa niko na cherehani, na cherehani haijibu, kwa hiyo maneno yangu yote nayaweka akiba. Msishangae nikiongea sana.

Haya, sasa hiyo mizinga. Miaka ishirini na kitu iliyopita, mkurugenzi wa zamani, marehemu sasa, alimwita mume wangu ofisini akafunga mlango. "Fundi," akamwambia, "watoto wa shule wanakuja kila wiki wanauliza mizinga iko wapi. Ndege ya vita isiyo na mizinga ni nini? Ni basi lenye mabawa. Nitengenezee mizinga, na iwe siri yako na yangu." Mume wangu hajui kumkatalia mkubwa. Akachukua mabomba ya maji ya chuma yaliyobaki walipobadilisha tangi, ya inchi moja na nusu, akayakata mawili sawasawa, akayachonga hesi za kukazia mwishoni, akatoboa pua ya ndege sehemu mbili, akayafunga kwa kuyazungusha, akayapaka rangi nyeusi. Nadhani ndiyo matundu pekee aliyowahi kutoboa maishani bila kuyaziba.

Lakini akiwa chini ya ile ndege akaona mengine. Tumboni kulikuwa na matundu mawili ya mviringo, kila moja upana wa sinia dogo, yamejaa vumbi na viota vya nyigu. Mkurugenzi hakuyataja. Hakuna aliyemtuma. Mkono ukamwasha! Akabandua viota, akafuta vumbi, akakata bati, akazungusha mpira, akakaza skrubu kumi na mbili kila tundu, akapaka lami, juu ya lami akapaka rangi ya kijivu. "Sasa haivuji," akaniambia jioni ile, amejaa furaha. Ndege iko ndani ya banda, nchi kavu. Ivuje nini? Sikumuuliza, nilikuwa napika.

Watoto walifurahi kupita kiasi. Mume wangu akapata jina mtaani, akaitwa Mzee Mizinga, na jina likamkaa. Mwanzoni wageni wakimuuliza alikuwa anasema, "Mizinga hii imewekwa." Baada ya mwaka akawa anasema, "Mizinga hii ilikuwa mikali." Baada ya miaka mitano alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi ilivyotema moto, na sauti anaitoa kwa mdomo. Mkurugenzi akastaafu, akafariki, tukamzika, na siri ikabaki ya watu wawili: mimi na yeye.

Mwaka jana akaja mhifadhi mpya. Binti mdogo, mwembamba, mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Sisi tunamwita Bi Mhifadhi. Kila asubuhi anampa mume wangu shikamoo yake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na mume wangu akawa anampenda kama mwanawe. Binti huyu hakuogopa vumbi. Aliingia kwenye stoo ambayo watu walikuwa wanairushia vitu na kufunga mlango, akatoka na sanduku la bati. Ndani kulikuwa na daftari la safari za ile ndege na bahasha nene ya picha. Akawaita wafanyakazi wote kwenye chumba cha chai, akawasomea.

Mume wangu alinisimulia yote siku ile, neno kwa neno. Kumbe ndege ile haikuwahi kumpiga mtu. Ilikuwa ndege ya upelelezi. Waliing'oa silaha zote ili iwe nyepesi, wakaitia kamera mbili tumboni. Ilibeba watu wawili tu, rubani na mpiga picha, na huyo mpiga picha alilala kifudifudi kwenye baridi saa sita mfululizo, anachungulia barabara, madaraja na reli za adui. Wakifyatuliwa risasi hawana cha kujibu. Wanapiga picha, wanageuza, wanakimbia. Safari arobaini na moja walikwenda hivyo wakarudi, na ya mwisho walirudi na injini moja. Vita vilipokwisha ikapewa wapima ardhi, ikapiga picha za kuchorea ramani, mpaka vipuri vikaadimika. Ikaachwa kwenye majani, kuku wakawa wanataga ndani yake. Baadaye ndiyo ikavutwa kwa trekta mpaka pale bandani. Katika ile bahasha kulikuwa na picha moja ya mtaa wetu ulivyoonekana kutoka juu. Bi Mhifadhi alimwonyesha mume wangu mahali ilipo nyumba yetu leo. Palikuwa na kichaka na mbuzi wawili.

"Yaani ni nzuri kuliko nilivyodhani," mume wangu akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watu wawili, hawana hata fimbo! Na mimi nimeifungia mabomba."

"Bi Mhifadhi anajua?"

"Hajui. Amekaa pale na daftari lake anaitazama ndege, haelewi. Daftari linasema haina silaha, ndege ina mizinga. Daftari linasema ina madirisha mawili ya kamera tumboni, ndege haina. Anadhani labda hii siyo ndege yenyewe. Labda imeungwaungwa kutoka vyuma vya ndege nyingine."

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Wakaguzi wa tume ya kumbukumbu walikuwa wanakuja baada ya wiki moja, na sheria yao haina mchezo: kitu ambacho hakuna anayeweza kusema kipi ni cha asili na kipi kimebandikwa kinafutwa kwenye orodha. Kikifutwa, kinauzwa vyuma chakavu. Watu wa ofisi za jirani walikuwa wameshapima banda kwa futi zao, wanataka maegesho ya magari.

"Itabidi niseme," akasema mume wangu.

Nikamwambia, "Thubutu! Useme nini? Kwamba Mzee Mizinga ni mzee mabomba? Watu watakucheka mpaka kaburini. Na sheria ya pale unaijua, aliyechezea kitu cha makumbusho hakishiki tena. Hutaigusa tena ndege yako. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nikifunika wataikata."

"Si wewe utakayeikata."

"Ni mimi," akasema, akanyanyuka.

Mume wangu akiwa na jambo moyoni halii wala hagombi. Anakaza koki. Siku ya kwanza akakaza koki ya bafuni. Siku ya pili, ya uani. Siku ya tatu nikashindwa kabisa kufungua ya jikoni, nikaenda kuomba maji kwa jirani kama mtu asiye na bomba, mimi mke wa fundi! Nilimkaripia. Nikamwambia tena anyamaze, nikamwambia asubuhi na nikamwambia mchana, na siku ya ukaguzi nikamsindikiza hadi mlangoni nikamwambia mara ya mwisho. Akaitikia, "Nimekusikia, mama watoto," akaondoka na kusahau miwani yake mezani.

Nikaichukua, nikamfuata. Nisidanganye: miwani ilikuwa kisingizio. Nilikwenda kumchunga.

Nilipofika bandani milango yote miwili ilikuwa wazi na jua limeingia mpaka chini ya mabawa. Wakaguzi walikuwa watatu. Wawili walibeba mafaili, na wa tatu, mkuu wao, alikuwa mzee mrefu mkavu mwenye suti na kioo cha kukuzia. Bi Mhifadhi alikuwa amekumbatia lile daftari. Mume wangu alisimama pembeni na ndoo yake, sura ya mtu aliyekuja kudeki.

"Binti yangu," mkaguzi mkuu alikuwa anasema, wala si kwa ukali, "karatasi zako zinasema ndege haina silaha. Mimi naona mizinga miwili. Zinasema ina madirisha tumboni. Mimi naona bati. Nisadiki lipi, karatasi au macho yangu?"

Bi Mhifadhi akapekua daftari, mbele na nyuma. Wale wa mafaili wakaanza kuandika. Mume wangu akageuza kichwa, akaniona mlangoni. Nikamtikisia kichwa: hapana. Akaniangalia vizuri, akahakikisha nimeona kwamba ameona, kisha akaweka ndoo chini.

"Siyo mizinga hiyo, mheshimiwa," akasema. "Ni mabomba ya maji. Inchi moja na nusu. Niliyafunga mimi."

"Wewe ni nani?"

"Fundi bomba. Nahudumia vyoo."

"Mzee, hapa hatufanyi mzaha."

Mume wangu hakubishana. Akaenda kuchukua spana yake, akapanda kwenye kistuli, akapapasa puani mwa ndege haoni vizuri. Ikabidi nivuke banda zima mbele ya wakubwa wale, nimpe miwani. Sikumtazama usoni, nilikuwa na hasira naye kama moto. Akavaa, akabana bomba, akavuta. Likalia, likakubali, likaanza kuzunguka, na mwisho likatoka mkononi mwake na nyuzi za kahawia zikining'inia kwenye hesi.

Mkaguzi mkuu akazigusa kwa kidole. "Na hizi ni nini?"

"Katani, mheshimiwa. Isivuje."

"Isivuje nini?"

Mume wangu akafikiri sana. "Mazoea, mheshimiwa," akasema.

Lo! Wale wa mafaili waliangua kicheko, mmoja akadondosha kalamu. Walinzi walicheka, mfagiaji alicheka, na najua kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshaipata. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mume wangu akasubiri wamalize, akasema, "Bado. La tumboni ndilo baya zaidi," akatandika gunia, akalala chali chini ya ndege.

Akafungua skrubu moja moja, kumi na mbili. Akapitisha kisu kwenye lami, taratibu, mara mbili mzunguko. Lile bati liliposhuka, kelele zikakatika. Ndani kulikuwa na kioo kinene cha mviringo, kizima, kisafi, hakina kutu pembeni wala ukungu. Mpira na lami yake vilikuwa vimezuia unyevu na vumbi miaka ishirini yote. Juu ya kioo ilionekana fremu ya chuma ya kubebea kamera, skrubu zake zote mahali pake. Mkaguzi mkuu, suti na yote, akalala chini kando yake. Wazee wawili chali kwenye sakafu, miguu minne imetokeza nje.

"Fungua la pili," akasema.

La pili lilikuwa na ufa toka ukingoni mpaka katikati. Watu wakasikitika. Mume wangu akatoa skrubu moja akaiinua waione. "Ufa huu ni wangu. Nilitumia skrubu ndefu. Andikeni."

Basi mkaguzi akaweka kioo chake cha kukuzia kwenye fremu, akaanza kusoma namba ya ndege iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, na Bi Mhifadhi anafuata kwa kidole kwenye daftari. Sita. Ndiyo. Sifuri. Ndiyo. Nne. Ndiyo. Walipofika ya mwisho binti yule hakuweza kusema ndiyo, alikuwa ameshaanza kulia, amelikumbatia tairi la ndege na grisi yote kwenye blauzi.

Ndege ikabaki kwenye orodha. Maegesho wakatafute kwingine.

Lakini sheria ni sheria. Siku iliyofuata Bi Mhifadhi alimletea mume wangu barua aliyoiandika mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Ilisema haruhusiwi tena kushika ndege wala kuingia bandani na kifaa chochote. Vyoo na matangi aendelee navyo. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akarudisha ufunguo wa banda. Jioni ile alikaa kwenye kiti chake mikono imelala mapajani, haina pa kwenda, na mimi nikaumia. Nikapayuka. "Shukrani ya punda mateke! Umewaokolea ndege yao, wamekunyang'anya ufunguo!"

"Haki yao," akasema. "Niliitoboa pua."

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alilala akakoroma. Wiki nzima hakuwa amekoroma. Asubuhi nikaenda jikoni, nikaigusa koki, ikafunguka kwa kidole kimoja.

Wiki mbili baadaye Bi Mhifadhi akaja nyumbani kwetu. Alikuwa ameyaweka yale mabomba juu ya meza mbele ya ndege, na wageni wote wanauliza yamefikaje pale, na kila mfanyakazi anayejaribu kueleza anaishia kucheka katikati. "Mzee," akasema, "barua inakataza vifaa. Haikatazi mdomo. Uwe unakuja Jumamosi, usimulie mwenyewe." Mume wangu akanitazama. Nikamwambia akitaka kujidhalilisha kila wiki mbele za watu ni shauri lake.

Jumamosi ya nne ndiyo nilikwenda kuona. Bandani palijaa watu, nikasimama nyuma kabisa. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kutokea, anasimulia habari za rubani na yule mpiga picha aliyelala kwenye baridi, safari arobaini na moja bila fimbo, na watu wametulia tuli. Kisha akainua bomba. Akasimulia mkurugenzi, akasimulia nyigu, akasimulia skrubu ndefu, hakujipendelea hata kidogo. Alipofika kwenye "mazoea, mheshimiwa," banda zima lilivunjika mbavu, na yeye akacheka nao, uso umenawiri. Aibu niliyoiogopa kwa niaba yake niliitafuta usoni mwake sikuiona. Nilimwona mtu mwenye furaha, na moyo wangu ukalainika nikashindwa kukasirika.

Mama mmoja wa mbele, mwenye mwavuli, akanyoosha mkono. "Baba, na mkeo je? Alisemaje ulipotaka kwenda kusema?"

Mume wangu akatafuta kwa macho, akaniona. Hakusita.

"Mke wangu?" akasema. "Yeye ndiye aliyenipa moyo. Aliniambia, nenda kaseme kweli."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Yule mama akasema Mungu amjalie mwanamke huyo. Mtu ameanika makosa yake yote hadharani, halafu langu amelifunika. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyenijua pale. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Si kweli," nikasema. "Mkewe ni mimi. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia wiki nzima, na nilikosea."

Banda zima likageuka. Mume wangu aliweka bomba mezani. Miaka thelathini na mbili hajawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Akafuta macho kwa mkono wa shati la kutokea, kisha akaweka kiganja sikioni.

"Rudia, mama watoto," akasema. "Hawa wa mbele hawakusikia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.